Seti ya Vijiti vya Kupimia Maji ya Kisima: Nilivyoitumia Dodoma Baada ya Mvua Kukata

Mvua zilipokata mwishoni mwa Aprili, maji ya kisima chetu yalikuwa maangavu, hayana harufu, na matamu kuliko yanavyokuwa mwezi wa kumi, kiasi kwamba yeyote aliyeyaonja angeapa kuwa huo ndio wakati wa kuyanywa bila wasiwasi wowote. Hata mimi niliamini hivyo kwa miaka minne. Kilichonitoa usingizini ni binti yangu aliyekuja kujifungulia nyumbani, na mtoto alipoanza kuongezewa maziwa ya kopo, muuguzi wa kliniki akauliza swali moja tu: maji ya kuchanganyia yanatoka wapi? Nilijibu kwamba yanatoka kisimani na kwamba tunayachemsha vizuri. Akaniuliza kama yaliwahi kupimwa, nami sikuwa na jibu.

Nyumba yetu iko pembezoni mwa jiji, upande wa Mkonze, na tulipojenga bomba lilikuwa bado halijafika mtaani. Kisima ni cha ringi, kimechimbwa kwa mkono hadi mita 14, na pampu hupandisha maji kwenye simtanki la lita 2,000 lililowekwa juu ya mnara wa mita 3. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, halafu kiangazi kirefu ambamo kina cha maji hushuka kidogo kidogo na chumvi yake huanza kusikika ulimini, birika likafanya gamba jeupe, na sabuni ikagoma kutoa povu. Kwa sababu hiyo wakazi wa huku tumezoea kupima maji kwa ulimi, na tukisema maji mabaya tunamaanisha maji ya chumvi.

Seti niliyoagiza kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa basi, ilinigharimu Sh 45,000. Ndani yake mna vijiti 100 vya plastiki, kila kimoja kikiwa na vibandiko 16 vinavyobadilika rangi, kadi ya kulinganishia rangi hizo, chupa mbili ndogo za kupimia bakteria, na kijitabu cha Kiingereza chenye herufi ndogo mno. Kando ya hiyo nilinunua kipima chumvi cha kidijitali kwa Sh 20,000. Kijiti hutumbukizwa majini kwa sekunde mbili, hukung'utwa, kisha husomwa baada ya dakika moja kwenye mwanga wa mchana. Nasisitiza mwanga wa mchana kwa sababu jaribio la kwanza tulilifanya usiku chini ya taa ya jikoni, na kibandiko kimoja mke wangu alikiona ni rangi ya ubuyu, mimi nikakiona ni rangi ya juisi ya rozela, na kwenye kadi ile tofauti kati ya rangi hizo mbili ndiyo tofauti kati ya maji salama na maji ya hatari.

Kwa mambo mepesi seti inafanya kazi yake. Kibandiko cha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kilionyesha kati ya 7 na 8, na maabara baadaye ilisema 7.6. Kibandiko cha ugumu wa maji kilikimbilia rangi ya mwisho kabisa, jambo ambalo birika lilikuwa limeshatuambia bure. Kibandiko cha klorini ni kizuri sana, na nitakirudia. Kipima chumvi nacho hakina lawama alimradi mtu ajue kinachopima: kinaangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha kinakadiria chumvi zote zilizoyeyuka humo bila kujua ni chumvi ya aina gani. Maji yetu yalisoma 940. Shirika la Afya Duniani linasema maji yaliyo chini ya miligramu 600 hivi kwa lita huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 watu huanza kuyakataa. Nilifurahi kuona 940, kwa kuwa kiangazi kilichopita fundi pampu aliyapima kwa kifaa kama hicho akapata zaidi ya 1,300. Furaha hiyo ilikuwa ya kijinga. Mvua ileile iliyozimua chumvi ndiyo iliyokuwa imeosha vyoo na mazizi ya mtaa mzima na kuvishusha kisimani, kwa hiyo maji yalikuwa yamepata utamu na uchafu kwa wakati mmoja.

Sasa niseme pale seti inapoanguka. Kanda ya kati na ya kaskazini mwa nchi yetu ina tatizo la madini ya floraidi, na maeneo ya Singida, Manyara na Arusha yanajulikana kwa meno yenye madoa ya kahawia na, kwa waliokunywa maji hayo kwa miaka mingi, mifupa iliyopinda. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na hapa Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4 kwa sababu ya ugumu wa kupata maji mengine. Kadi ya seti hii inaanza na 0, halafu inaruka hadi 25, kisha 50, kisha 100. Mtu wa Singida mwenye maji ya miligramu 6, ambayo ni mara nne ya kikomo, ataona rangi ya sifuri na kulala usingizi mnono. Afadhali kibandiko hicho kisingekuwepo kabisa, kwani kipimo kisichoona kitu halafu kikakuambia hakuna kitu kina madhara kuliko kutopima. Maji yangu yalikuwa na 1.1, lakini hilo nililijua maabara, si kwenye kijiti.

Kosa la pili lilikuwa langu kwa nusu na la mtengenezaji kwa nusu, nalo ndilo lililotaka kunigharimu zaidi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kikomo cha nitrati ni miligramu 50 kwa lita. Kibandiko cha nitrati kilinipa rangi ya waridi iliyokaa katikati ya 10 na 20, nami nikapiga mahesabu ya haraka: 20 ni ndogo kuliko 50, tuko salama. Nikaandika kwenye daftari na kufunga chupa. Siku tatu baadaye, nikiwa nimevaa miwani, niliona herufi N ndogo iliyochapwa pembeni ya safu hiyo. Maana yake ni kwamba kadi haihesabu nitrati yote, inahesabu naitrojeni iliyomo ndani ya nitrati tu, kwa kufuata desturi ya Marekani ambako kikomo huandikwa kuwa miligramu 10 za naitrojeni. Ili kupata nitrati yenyewe, namba hiyo huzidishwa kwa 4.43. Kwa hiyo 10 yangu ilikuwa 44, na 20 yangu ilikuwa karibu 89, na kikomo cha 50 kilikuwa kimelala humo katikati. Kijitabu hakikutaja jambo hili hata kwa mstari mmoja. Mwenye seti ya aina hii aichukue sasa hivi na kutafuta herufi hiyo kabla hajasoma zaidi.

Nitrati haina rangi, haina harufu na haina ladha. Hutokana hasa na vyoo vya shimo, samadi na mbolea za viwandani, na hupita kwenye udongo pamoja na maji ya mvua bila kuzuiwa. Mtu mzima hupita nayo salama kwa kiasi kikubwa, lakini kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi sita hugeuka tumboni kuwa nitriti, ambayo huishika damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, hadi midomo na kucha za mtoto hugeuka rangi ya buluu. Hapo ndipo nilipoelewa swali la muuguzi, na nikaelewa pia kwamba kule kuchemsha kwetu, tulikokuwa tukijivunia, kulikuwa kunaua vijidudu huku kukiongeza nitrati, maana maji hupungua kwa mvuke na kilichoyeyuka hubaki sufuriani. Tangu siku hiyo mtoto alichanganyiwa maziwa kwa maji ya chupa, nami nikaenda maabara.

Katika maabara ya maji ya serikali nilifika na chupa ya soda niliyoisafisha kwa maji ya moto, nikiwa na hakika kwamba nimejiandaa vema. Binti aliyenipokea aliamkia, "Shikamoo mzee," na baada ya kuitikiwa marahaba aliigeuza ile chupa mikononi mwake kwa adabu kama mtu anayepokea zawadi asiyoihitaji. "Hii itatusaidia kupima chumvi na madini, mzee wangu. Ya bakteria tutakupa chupa yetu, na uilete ikiwa kwenye barafu." Alinieleza namna ya kuchota: bomba liwe la karibu na pampu na si la kutoka tangini, mdomo wake ufutwe kwa spiriti au uchomwe kwa moto, maji yaachwe yatiririke dakika mbili au tatu, kizibo kishikwe kwa nje tu na kisiwekwe chini, na chupa ifike maabara ndani ya saa sita. Nilichota saa moja asubuhi, nikaiweka kwenye deli la barafu la muuza samaki jirani yetu, na saa tatu ilikuwa mezani kwao. Huko maji huchujwa kwenye utando mwembamba sana, kisha utando huo huwekwa kwenye chakula cha bakteria kwa joto la nyuzi 44 kwa siku nzima, na madoa yanayoota huhesabiwa moja moja.

Karatasi ya majibu ilisema nitrati miligramu 71 kwa lita, na E. coli, yaani bakteria wa kinyesi, 23 katika mililita 100, ambapo inatakiwa isiwepo hata moja. Ada ilikuwa karibu mara tatu ya bei ya seti, na niliilipa bila kinyongo, kwa sababu ile karatasi iliniambia cha kununua na, muhimu zaidi, cha kutonunua. Kwa haki niseme kwamba ile chupa ndogo ya bakteria iliyokuja na seti haikudanganya. Nilijaza maji, nikaiacha kabatini, na kufikia saa ya thelathini hivi ilikuwa nyeusi tii kama wino. Hata hivyo haisemi ni bakteria wangapi, na kwenye visima vyenye harufu ya yai bovu inaweza kugeuka nyeusi kwa sababu ya hewa ya salfa iliyomo majini, pasipo kinyesi chochote.

Habari za kupima zilienea mtaani, na wiki iliyofuata akaja kijana wa mauzo wa kampuni moja ya mitambo ya kuchujia maji, mchangamfu, amebeba glasi mbili na kifaa chenye vyuma viwili cha kuchomeka kwenye umeme. Glasi moja aliijaza maji ya mtambo wake, nyingine maji yetu, akatumbukiza vyuma. Haikupita dakika moja maji yetu yakawa na rangi ya kutu na povu zito la kijani likaelea juu, wakati maji yake yalibaki maangavu vilevile. Mke wangu alirudi nyuma hatua mbili. "Mzee wangu, haya ndiyo mnayokunywa," kijana akasema kwa huzuni iliyofanyiwa mazoezi. Lakini kinachotoka pale si uchafu wa maji. Ni chuma chenyewe cha kile kifaa kinacholiwa na umeme, na hulika haraka zaidi penye chumvi ya kupitishia umeme huo, ndiyo maana maji yaliyoondolewa chumvi hayabadiliki. Nilimwomba mke wangu aniletee chumvi ya mezani, nikatia kijiko kidogo kwenye ile glasi yake safi, nikamwambia atumbukize tena. Ilichafuka kuliko yetu. "Sasa hiyo umeiharibu, mzee," akasema, akaanza kukusanya vitu vyake. Tulimpa chai kabla hajaondoka, kwani amefundishwa hivyo na mwajiri wake.

Tiba ya bakteria haikuhitaji mtambo wowote. Fundi alishuka kisimani akakuta sakafu ya saruji kuzunguka mdomo wa kisima ina ufa wa upana wa kidole, na maji ya mvua yalikuwa yakiingia hapo moja kwa moja. Tuliujaza ufa, tukainua ringi ya juu kwa nusu mita, tukachimba mfereji wa kukinga maji, na zizi la mbuzi wangu watano, lililokuwa upande wa mlimani, tukalihamishia chini. Choo cha jirani kiko mita 18 kutoka kisimani, ilhali inashauriwa kuwe na mita 30, na hilo ni jambo la mazungumzo ya ujirani ambalo halitatuliwi kwa saruji.

Baada ya hapo tuliua vijidudu kwa klorini ya unga ya asilimia 65. Hesabu yake si ngumu: kisima chenye upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha mita 3 kina takribani lita 3,400, na ili kila lita ipate miligramu 50 za klorini zinahitajika gramu 170, ambazo zinapatikana katika gramu 260 hivi za unga huo. Tuliuyeyusha kwenye ndoo ya maji nje ya nyumba, tukiwa na glovu na migongo yetu ikiwa upande wa upepo, tukamimina kisimani, tukafungua kila bomba hadi harufu ikasikika, kisha tukafunga kila kitu kwa saa 24. Kesho yake tulipampu na kumwaga mbali na bustani hadi harufu ikaisha, na hapa ndipo kibandiko cha klorini cha ile seti kilipojilipia gharama yake, kwa maana kilituonyesha rangi ikishuka bomba kwa bomba hadi tukajua wakati wa kuacha. Pua peke yake ingetudanganya, kwani baada ya saa moja huzoea. Sampuli ya wiki mbili baadaye ilirudi kutoka maabara ikiwa na sifuri.

Nitrati ilibaki palepale. Klorini haiigusi, vidonge vya WaterGuard haviigusi ingawa ni vizuri sana kwa vijidudu kwa kipimo cha kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20 na kusubiri nusu saa, na ule mchujo wa mitungi mitatu ambao nilikuwa nimeuziwa mwaka juzi kwa maelezo kwamba unaondoa kila kitu nao hauigusi. Kinachoiondoa kwa matumizi ya nyumbani ni mtambo wa RO, unaosukuma maji kwenye utando wenye vitundu vidogo kiasi cha kuzuia chumvi. Niliununua kwa muuzaji mwingine kwa Sh 650,000 pamoja na pampu yake ndogo, na pampu hiyo si anasa. Utando unahitaji msukumo wa kama baa 3, wakati simtanki lililo juu ya mnara wa mita 3 hutoa theluthi moja ya baa tu, kwa hiyo mitambo mingi inayouzwa bila pampu hudondosha matone na mnunuzi hudhani ameuziwa kibovu.

Mtambo una ulafi wake: kwa kila lita moja ya kunywa hutupa takribani lita tatu, na katika mji mkavu kama huu hilo linauma. Sisi tumeelekeza maji hayo kwenye pipa la kupigia deki na kumwagia chooni, ila hatumwagilii nayo mchicha kwa kuwa chumvi imejilimbikiza humo. Maji ya kuoga na kuosha vyombo yanaendelea kutoka kisimani bila kupita kwenye mtambo, na kwa mahitaji ya kunywa, kupikia na chupa za mtoto lita 20 kwa siku zinatutosha. Kipima chumvi kilishuka kutoka 940 hadi 58, kibandiko cha nitrati kikabaki karibu na cheupe, na maabara ikathibitisha miligramu 6. Kwa familia isiyo na fedha hizo, ningeshauri dumu moja la maji ya bomba yanayotoka visima vya Makutupora, kwa ajili ya mtoto tu, kabla ya kufikiria mtambo wa mkopo.

Kwa hiyo seti hii ninaipa nyota tatu kati ya tano, nazo ni za ulinzi na si za uchunguzi. Kila Jumamosi napima maji ya mtambo kwa kipima chumvi, maana siku kitakaposoma 150 nitajua utando umechoka, na mara moja kwa mwezi natumia kijiti kimoja kwa nitrati nikizidisha kwa 4.43 mwenyewe. Vijiti huharibika kwa unyevu, basi vikae ndani ya chupa yao iliyofungwa vizuri, kamwe visikae bafuni. Vyangu vimebaki 71, vinaisha muda wake mwaka kesho, na wakati huo nitanunua chupa ya vijiti vya nitrati pekee badala ya vile vya vibandiko 16. Ile chupa ya pili ya bakteria naitunza kwa mvua ya kwanza ya Desemba, na jirani ameomba tuchote sampuli za maabara siku moja ili tuchangie barafu.